Mashine hulia kabla ya kufa, nani anasikiliza?

Wafanyabiashara wanaovusha mizigo Mutukula, Kikagati, Mirama Hills na Katuna wanapokutana, mazungumzo yao huanza na kuishia mpakani: tozo gani imeongezwa, kibali gani kimebadilishwa jina, askari gani wa barabarani hakubali salamu bila kitu. Ni mazungumzo ya haki. Hata hivyo, kuna hasara nyingine inayotokea kabla lori halijawashwa, nayo haimo katika malalamiko yanayopelekwa kwa mawaziri wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni hasara ya mashine iliyokufa ghafla: tangi la kupoza maziwa lililosimama usiku, au mashine ya kusaga iliyovunja beringi wakati foleni ya wateja imefika barabarani.

Neno "ghafla" ndilo lenye kasoro. Ni mashine chache zinazokufa ghafla. Nyingi hulalamika kwa siku kadhaa, pengine kwa wiki. Hubadilisha mlio, hutetemeka kuliko jana, huanza kugonga pale zilipokuwa zikinguruma tu. Kinachokosekana ni sikio linalobaki hapo mchana na usiku na kukumbuka jinsi mashine ilivyolia ilipokuwa nzima. Sikio hilo sasa linaweza kutengenezwa kwa vifaa vidogo, na Mbarara pamoja na Nakivale ni mahali panapofaa kuanzia. Lakini lisipowekwa kwa masharti yanayoeleweka, litamnufaisha mwingine na kumwacha mwenye mashine palepale alipokuwa.

Mbarara, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, ndiyo kitovu cha maziwa ya magharibi mwa Uganda. Madebe hutoka kwa wafugaji wa Kiruhura, Isingiro na wilaya jirani yakiwa juu ya baiskeli na bodaboda, hufika vituo vya kukusanyia, kisha maziwa huingia katika matangi yanayoyashusha hadi karibu nyuzi 4 za Selsiasi. Kuanzia hapo kila kitu hutegemea kompresa ya tangi. Ikisimama usiku na mlinzi asijue, maziwa ya mamia ya wafugaji huanza kuchacha kabla ya alfajiri. Mnunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka haelezwi habari za kompresa. Huambiwa tu kwamba leo mzigo haupo, au, jambo baya zaidi, huuziwa mzigo uliokwisha kuharibika nusu. Mapema mwaka 2020, maziwa ya Uganda yalipokamatwa nchini Kenya, kila upande ulitaja ubora kama silaha yake. Katika mabishano ya aina hiyo, kituo kinachoweza kuonyesha kwa kumbukumbu kwamba kompresa yake haikusimama hata saa moja kina hoja ambayo kituo kingine hakina.

Kusini-mashariki mwa Mbarara, ndani ya wilaya ya Isingiro, yapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambayo ni miongoni mwa makazi ya zamani zaidi barani, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950. Yana watu zaidi ya laki moja na nusu: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na biashara, na ndiyo maana masoko ya Base Camp na Isangano yanafanana na Jumuiya nzima iliyokusanywa chini ya mabati. Tangu mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipowagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi kulingana na uhitaji na kupunguza mgao, chakula cha kununua na cha kulima kimekuwa na uzito mkubwa zaidi. Mahindi hayaliwi mpaka yasagwe. Kwa hiyo mashine ya kusaga Nakivale si biashara ya pembeni. Ikisimama siku tatu, mama mwenye watoto watano hubeba gunia kwenda kijiji kingine na kulipa nauli isiyokuwamo katika hesabu yake, naye mnunuzi wa unga anayesubiri Mbarara hulala siku ya pili hotelini.

Hapa mtu atasema kwamba kila mashine tayari ina mtu anayeisikiliza. Ni kweli. Fundi mzuri huweka ncha ya bisibisi kwenye kifuniko cha beringi, mpini wake akauweka sikioni, naye akajua. Ufundi huo umevuka mipaka pamoja na watu. Wapo mafundi walioujifunza Bukavu na Bujumbura na leo wanautumia Nakivale. Lakini fundi mmoja huhudumia mashine nyingi, huitwa mambo yakiwa yameharibika, na hawezi kulinganisha mlio wa leo na wa wiki tatu zilizopita, kwa sababu siku ile hakuwapo. Tena hitilafu nyingi hujificha. Kompresa inayokaribia kufa inaweza kufanya kazi vizuri mchana kutwa, kisha ikashindwa kuanza pale umeme unaporudi saa tisa usiku baada ya kukatika. Atakayeipima adhuhuri kwa dakika kumi ataondoka akisema ni nzima.

Ndiyo sababu ya kunasa sauti mfululizo, bila pengo. Kazi yenyewe si ya ajabu, na mfanyabiashara anapaswa kuielewa ili asiuziwe kisichofaa.

Hatua ya kwanza ni kuupata mtetemo. Katika soko lenye kelele, kipaza sauti cha kawaida husikia kila kitu: redio, pikipiki, watoto, mhubiri. Njia bora ni kubandika kihisi kwenye mwili wa mashine yenyewe, karibu na beringi. Kile kisahani cha shaba chenye kauri kinachotumika kutoa mlio katika saa na kengele za bei ndogo kinaweza kufanya kazi hiyo kinyumenyume: kikitikiswa, hutoa umeme kidogo. Umeme huo hukuzwa, hupitishwa kwenye kichujio, halafu kifaa kingine huupima mara nyingi kila sekunde na kuandika namba. Namba hizo ndizo sauti iliyonaswa.

Hatua ya pili ni kuchagua kipimo. Kanuni ni kwamba mtetemo wa kasi fulani hupimwa zaidi ya mara mbili ya kasi yake, la sivyo namba zitadanganya, kama gurudumu la gari katika filamu linavyoonekana kurudi nyuma. Santuri ya muziki hupimwa mara 44,100 kwa sekunde kwa sababu sikio la kijana husikia hadi karibu mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mashine ya kusaga si muziki. Mota inayotumia umeme wa Uganda, unaobadilika mara 50 kwa sekunde, huzunguka karibu mara 1,500 au karibu mara 3,000 kwa dakika, kutegemea ilivyosukwa. Nyundo za kusagia zikilika upande mmoja, mashine hutikisika mara moja kwa kila mzunguko. Gololi ikipita juu ya mkwaruzo ndani ya beringi, hugonga kwa mpangilio unaoweza kuhesabiwa kutokana na idadi ya gololi na kasi ya mzunguko. Sehemu kubwa ya habari hizi huonekana bila kupima kwa wingi wa santuri.

Tofauti hiyo ina bei yake. Sauti moja ikinaswa kwa kipimo cha santuri hujaza takriban gigabaiti 7.6 kwa siku. Ikipimwa mara 4,000 kwa sekunde, hujaza takriban megabaiti 691. Na kifaa kikifanya hesabu palepale, kila dakika kikaandika nguvu ya sauti katika makundi 20 tu, siku nzima huwa namba 28,800, ambazo huchukua nafasi ndogo kuliko picha moja ya simu. Hizo zinaweza kutumwa kwa bando ya bei ya chini hata mtandao ukiwa dhaifu.

Hatua ya tatu ndiyo inayotenganisha chombo kizuri na kibovu: kutopoteza hata tone. Mkamuaji huelewa hili bila darasa. Maziwa yakiendelea kutiririka, lazima ziwepo ndoo mbili. Moja inapojaa, ya pili iko chini tayari, na ile ya kwanza inamiminwa. Kifaa cha kunasa sauti hufanya vivyo hivyo kwa kumbukumbu yake. Kikiwa na ndoo moja, au kikichelewa kumimina, sauti humwagika, na huenda kilichomwagika ndicho kile kishindo cha saa tisa usiku.

Kwa sababu hiyo, anayeambiwa kwamba simu yoyote yenye kinasa sauti inatosha asikubali haraka. Simu imetengenezwa kwa ajili ya sauti ya binadamu. Nyingi hupandisha na kushusha nguvu ya sauti zenyewe, na hufuta mngurumo usiobadilika zikiuona kuwa ni kelele, wakati mngurumo huo ndio mgonjwa mwenyewe. Aidha, simu ikipigwa, kurekodi kunaweza kukatika. Simu inafaa kumpelekea fundi mlio wa sekunde kumi kwa WhatsApp, na mafundi wengi tayari wanafaidika na hilo. Haifai kuwa mlinzi wa usiku.

Je, yote haya yanaleta faida, au ni michezo ya wasomi? Mfano mzuri uko ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka vihisi ndani ya mipini ya pampu za maji za mkono huko Kyuso, katika Kaunti ya Kitui. Kihisi kilihesabu miondoko ya mpini na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu. Kabla ya hapo, pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa takriban siku 27 bila kutengenezwa. Katika jaribio hilo muda ulishuka hadi chini ya siku 3. Baadaye, huko Kwale, watafiti hao walionyesha kwamba mtikisiko mdogo wa mpini hubeba hata habari za kina cha maji chini ya ardhi.

Lakini asome vizuri anayeutaja mfano huo. Siku 27 hazikuwa siku 3 kwa sababu ya kihisi peke yake. Kulikuwa na fundi anayelipwa kwenda, na kulikuwa na vipuri vya kwenda navyo. Kilichoendelea kuishi baada ya majaribio ni huduma ya matengenezo, FundiFix, ambayo jamii huilipia mapema ili pampu ikiharibika pawe na mtu wa kuwajibika. Kengele bila zimamoto ni kelele. Chombo kikimwambia mwenye mashine wa Nakivale kwamba beringi yake itavunjika baada ya siku nane, na beringi ya namba hiyo ikachukua siku kumi na mbili kufika, kimemwongezea usiku nane za kutolala na hakuna zaidi.

Hapo ndipo suala linaporudi kwa wasomaji wa gazeti hili na kwa wakuu wa Arusha. Mfumo rahisi wa biashara wa Jumuiya humruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000 kwa cheti chepesi cha asili, mradi zimezalishwa ndani ya Jumuiya na zimo katika orodha. Beringi iliyotengenezwa Asia haimo, hata kama inakwenda kuiokoa mashine inayosaga mahindi ya Afrika Mashariki. Wahandisi wa nchi kadhaa wanachama wana mkataba wa kutambuana taaluma zao, lakini fundi wa mashine ya kusaga hayumo katika mkataba huo. Soko la pamoja lilianza rasmi Julai 2010, Kongo ikaingia katika Jumuiya mwaka 2022, na Somalia ikakamilisha uanachama mwaka 2024. Mafundi wa nchi hizo zote wanakaa pamoja Nakivale wakitengeneza mashine za wote. Wanachohitaji ni njia nyepesi ya kupitisha vipuri vya mashine za chakula na maziwa, na karatasi inayosema kwamba ujuzi wao ni ujuzi.

Suala la pili ni zito zaidi, nalo ni la nani anayemiliki sauti. Uganda tayari ina historia ya kunasa sauti mfululizo kwa ajili ya maendeleo. Pulse Lab Kampala, maabara ya Umoja wa Mataifa, kwa kushirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini, ilitengeneza mfumo wa kupokea matangazo ya redio, kutenga maongezi na muziki, kuyageuza maongezi kuwa maandishi na kutafuta maneno muhimu. Ulifanya kazi kwa Kiganda, Kiacholi na Kiingereza cha Waganda, na matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Miongoni mwa mambo yaliyofuatiliwa ni jinsi wasikilizaji wanaopiga simu redioni walivyokuwa wakiwazungumzia wakimbizi.

Anayepiga simu redioni anajua kwamba nchi inamsikia. Mama aliyepanga foleni kwenye mashine ya kusaga Isangano hajui hivyo, wala hajakubali. Nakivale ni mahali pa watu waliokimbia, na baadhi yao walikimbia kwa sababu ya neno lililosikiwa na asiyepaswa kulisikia. Kuning'iniza kipaza sauti juu ya vichwa vyao, hata kwa nia ya kuokoa beringi, ni kosa. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inahusu taarifa za mtu, na sauti ya mtu inayotambulika ni taarifa yake.

Bahati nzuri, ufundi bora na heshima kwa watu vinakwenda njia moja hapa. Kihisi kilichobandikwa kwenye chuma husikia chuma vizuri na watu vibaya. Kichujio kinachokata sauti za juu hupunguza zaidi maneno. Na kifaa kinachofanya hesabu palepale, kikabakiza namba na kuifuta sauti ghafi, hakina maongezi ya kumpa mtu yeyote, awe mwizi, kampuni au ofisa. Anayeleta chombo Nakivale na kudai lazima sauti yote ipelekwe kwenye kompyuta zake nje ya nchi anapaswa kuulizwa kwa nini.

Aulizwe pia kuhusu thamani. Mwaka 2019 watafiti wa Hitachi ya Japani walitoa hadharani mkusanyiko wa milio ya vali, pampu, feni na reli za kutelezea za viwandani, ikiwa mizima na ikiwa mibovu, ili watu wafundishie kompyuta kutambua hitilafu. Mashine ya kusaga mahindi inayoendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja haimo humo. Atakayekusanya milio ya mashine zetu ndiye atakayeuza baadaye chombo cha kuzitambua. Ikiwa milio hiyo itatoka Nakivale bure na kurudi kama huduma ya kulipia kila mwezi, itakuwa ni ile biashara ya zamani ya kuuza pamba na kununua shati.

Njia iliyo wazi ni hii. Vituo vya maziwa vya Mbarara vianze, kwa sababu tangi moja likifa hasara yake ni kubwa na inahesabika, na ushirika unaweza kugharimia kifaa bila kumsubiri mfadhili. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichopo tangu mwaka 1989 na chenye wahandisi wa vifaa tiba wanaozoea vihisi na vipimo, kipewe kazi ya kujenga hazina ya milio pamoja na mafundi wa Nakivale, wakilipwa kwa ujuzi wao, maana ni fundi atakayesema mlio huu ni mkanda unaoteleza na ule ni beringi. Kila mwenye mashine awe na nakala ya kumbukumbu za mashine yake, na haki ya kuzionyesha kwa mnunuzi, kwa benki au kwa mkaguzi wa mpakani, au kutozionyesha. Na kabla ya kifaa cha kwanza kubandikwa, stoo ya vipuri ifunguliwe.

Mfanyabiashara anayesubiri mzigo ana nguvu kuliko anavyodhani. Yeye ndiye anayelipa. Anapokagua maziwa Mbarara huuliza bei na kupima ubora. Aongeze swali moja: tangi lako lilisimama lini mara ya mwisho, na umejuaje? Muuzaji atakayeweza kujibu kwa tarehe na saa ndiye wa kurudi kwake. Wengi wakiuliza hivyo, vifaa vitanunuliwa bila waziri yeyote kukata utepe.